Jani bichi halilali stoo: kwenu mnaojenga maduka ya mtandaoni

Jumapili usiku, hosteli.

Najua nimepotea. Tangu nirudi kutoka nyumbani Mponde sijaandika kitu, na nasikia wengine mmeshaanza kuulizana kama nimekula disko. Bado nipo, bumu limeisha lakini roho ipo. Leo nimekaa kuandika kwa sababu nina hasira, na hasira zenyewe ni za kiatu. Msicheke. Kiatu cha shule, cheusi, cha ngozi, saizi 44.

Iko hivi. Mdogo wangu wa mwisho ameanza kidato cha kwanza Januari hii. Umri wa mtoto, mguu wa mtu mzima. Likizo ya Desemba nilipokuwa nyumbani tulizunguka naye Bumbuli, tukashuka hadi Soni, kila muuza viatu anamtazama miguu halafu anacheka. Kikubwa kilichopatikana kilikuwa 42. Jioni mama akafungua pindo la khanga, akatoa shilingi 35,000, hela ya njegere na karoti, akasema, "Wewe si ndiye unayesomea kompyuta? Mtafutie mwenzio huko kwenye simu."

Nikatafuta. Nikapata duka moja la mtandaoni, jina silitaji na wala si muhimu, maana ugonjwa wake ni wa wengi. Kwetu mtandao si kitu cha kubonyeza ukiwa umelala. Nyumba iko bondeni, inabidi upande mpaka njia ya juu pembeni ya mashamba ya chai ndipo vije vijiti viwili. Tukasimama pale mimi na dogo, ukungu umetanda, simu moja. Nikichagua rangi, ukurasa unazunguka. Nikichagua saizi, unazunguka. Nikirudi kwenye rangi nyeusi niliyoichagua dakika moja iliyopita, unazunguka tena kama vile hatujawahi kuonana! Bando la kwanza likakata kabla hatujafika kwenye malipo. Nikanunua la pili. Mwishowe ikatokea: nyeusi, 44, IPO. Nikalipa kwa simu, dogo akaruka juu.

Kesho yake nikapigiwa. "Kaka samahani, 44 iliisha tangu juzi. Tukutumie 41?"

Arobaini na moja! Mguu umekuwa puto, unatolewa upepo ukaingia? Nikaomba hela irudi. Ilirudi, baada ya wiki tatu. Dogo alianza shule na ndala, na mwenye kujua shule zetu anajua maana ya kusimama mstarini asubuhi na ndala siku ya kwanza. Mama hakunilaumu. Aliuliza swali moja tu: "Lakini mwanangu, si waliandika ipo?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, na linatuhusu sisi tunaokaa maabara tukijenga hivi vitu.

Niliporudi huku nikafungua lile duka kwenye kompyuta, nikawasha ule upande wa kivinjari unaoonyesha kila kinachoombwa na kila kinachojibiwa. Nikakuta maajabu. Orodha ya rangi na saizi, kitu ambacho hakibadiliki hata kwa mwezi, imewekewa amri ya "no-store", yaani simu isihifadhi hata sekunde moja, kila ukigusa ikaombe upya. Halafu ukurasa wenyewe wa bidhaa, ulioandikwa IPO na HAIPO, umehifadhiwa kwenye kache ya njiani. Kichwa cha jibu kilisema Age: 64800. Gawa kwa 3,600 upate saa 18. Nilikuwa naambiwa habari za jana kana kwamba ni za sasa hivi.

Mmeona? Walichopaswa kukihifadhi hawakukihifadhi, na ambacho hakihifadhiki ndicho walichokifungia stoo. Bando letu liliishia kwenye kosa la kwanza, hela ya mama ikaishia kwenye la pili.

Sasa nisikilizeni. Mtu aliyekulia Mponde hahitaji mhadhara wa jambo hili. Jani la chai likichumwa asubuhi linatakiwa lifike kiwandani siku hiyo hiyo. Ukilirundika kwenye gunia likalala, linapata joto, linaharibika, unatupa. Lakini likishasindikwa, likakauka, likafungwa vizuri, linakaa stoo miezi na miezi na bado ni chai. Mmea mmoja, shamba moja, ila utunzaji ni mbingu na ardhi. Kiwanda chetu kilipofungwa mwaka 2013 kwa mgogoro wa wakulima na mwekezaji nilikuwa shule ya msingi, na sikumsikia mzee hata mmoja akisema "basi jani tuliweke ndani mpaka kifunguliwe." Walijua haiwezekani. Watu waliacha kuchuma, mashamba mengine yakageuka vichaka.

Duka la mtandaoni ni hivyo hivyo. Rangi, saizi, uzito wa pakiti, aina ya soli, hiyo ni chai kavu. Idadi iliyobaki kwenye rafu ni jani bichi. Anayeweka vyote kwenye gunia moja atapoteza kimoja.

Kuna wenzangu kozini wanasema kache ni anasa, mambo ya makampuni makubwa. Hebu tupige hesabu basi. Chukua kiatu kimoja chenye rangi 6 na saizi 9, kuanzia 36 hadi 44. Michanganyiko ni 54. Programu iliyoandikwa kivivu inauliza databesi hivi: swali 1 la bidhaa, maswali 2 ya aina za machaguo (rangi na saizi), maswali 15 ya kila rangi na kila saizi, halafu maswali 54 ya bei na mzigo wa kila mchanganyiko. Jumla 72, kwa mtu mmoja aliyefungua ukurasa mmoja. Ukiweka orodha ya bidhaa 20 kwa mtindo huo unafika 1,440. Na hapo mtu hajanunua kitu, anapita tu kuangalia kama wanafunzi tunavyopita Kariakoo.

Na msidhani ni shida ya programu za uani tu. Magento, mojawapo ya programu maarufu za maduka duniani, toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2008, na yenyewe inatawanya sifa za bidhaa kwenye majedwali tofauti: namba nzima kwao, maneno kwao, desimali kwao, maandishi marefu kwao, tarehe kwao. Si uzembe. Walitaka muuzaji aweze kuongeza sifa yoyote ile, leo urefu wa kisigino kesho harufu ya sabuni, bila kumwita fundi avunje majedwali. Ila gharama yake ni kwamba kuijua bidhaa moja inabidi ubishe hodi nyumba nyingi. Ndiyo maana tangu zamani haiendi bila kache. Hata memcached, babu wa kache nyingi tunazozitumia, aliiandika Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya LiveJournal, tovuti ya watu kuandikia shajara zao kama hivi ninavyofanya. Hakuiandika kwa kujionyesha. Databesi zilikuwa zinaelemewa na maswali yale yale, majibu yale yale, mara elfu.

Wapo na wa upande wa pili, hawa ndio walioniudhi zaidi. Wamesikia kache inaleta kasi, basi wanafunga ukurasa mzima, bei na mzigo ndani, saa 24, wanapiga makofi. Kwenye maonyesho ya darasani programu inaruka kama swala! Bila shaka itaruka, haiangalii chochote. Hata mimi nikiulizwa bei ya nyanya bila kwenda sokoni nitajibu haraka sana.

Kwa hiyo ifanyweje? Siandiki desa hapa, lakini nisiseme tu halafu nikimbie.

Kwanza, tenganisha. Machaguo ya bidhaa yawe na ufunguo wao kwenye kache, mzigo uwe na njia yake. Yale maswali yote ya machaguo unayauliza mara moja, unayafunga kwenye fungu moja dogo, na mteja wa pili hadi wa elfu anachukua fungu. Ukionyesha bidhaa 20, omba mafungu 20 kwa safari moja, usitume mtoto dukani mara ishirini kwa vitu ambavyo vingeingia kwenye kikapu kimoja. Mzigo wa michanganyiko 54 nao uulize kwa swali moja, si 54.

Pili, usirudie kisichohitaji kurudiwa. Kama viatu 300 vyote vina saizi 36 hadi 44, orodha hiyo ihifadhiwe mara moja, na kila kiatu kiseme tu "natumia orodha namba fulani". Nimeona watu wanahifadhi neno "Nyeusi" mara elfu kadhaa halafu wanalalamika kumbukumbu ya seva imejaa.

Tatu, na hapa ndipo wengi tunaanguka, jifunze kubadilisha bila kufuta kila kitu. Mwenye duka ameongeza rangi ya kahawia kwenye kiatu kimoja, programu inafuta kache ya duka ZIMA. Kwa nini? Sekunde ile ile wateja wote waliomo wanaangukia databesi kwa pamoja, na inalala chali. Facebook waliandika mwaka 2013 jinsi walivyopambana na mkanyagano wa aina hii: kitu kikikosekana kwenye kache, mmoja anapewa kibali cha kwenda kukichukua, wengine wanasubiri kidogo au wanapewa cha zamani. Kwa duka la kwetu dawa ni nyepesi zaidi. Ipe kila bidhaa namba ya toleo na uiingize kwenye ufunguo: bidhaa 417, machaguo, toleo la 12. Mwenye duka akihariri, toleo linakuwa 13, fungu jipya linatengenezwa la bidhaa hiyo peke yake. La 12 haliulizwi tena, litakufa lenyewe muda wake ukifika. Na muda wa kufa usiwe sawa kwa mafungu yote, ongeza dakika chache za bahati nasibu, yasije yakafa yote saa moja kama taa za mtaa.

Nne, ikumbuke simu ya mteja. Namba ya toleo ikiwa kwenye anwani ya fungu, unaweza kuiambia simu ilihifadhi hata mwaka mzima, sekunde 31,536,000, maana fungu la toleo la 12 halitabadilika milele, likija jipya litakuwa na anwani nyingine. Hapo mtu wa Mponde akigusa nyeusi, akagusa kahawia, akarudi nyeusi, hakuna kinachotoka kwenye bando lake. Vyote anavyo mkononi. Kinachoombwa upya ni mzigo tu, namba chache, jibu fupi kuliko ujumbe wa "nimefika salama".

Tano, jani bichi. Kwenye ukurasa wa kuangalia, mzigo ukichelewa sekunde kumi si dhambi. Ila pale kwenye kitufe cha kulipa, hakuna kache, hakuna "nadhani". Uliza databesi yenyewe kwa amri moja: punguza moja, ila tu kama iliyobaki ni zaidi ya sifuri. Ikigoma, mwambie mteja hapo hapo imeisha, kabla hajaingiza namba ya siri. Ikikubali, mshikie hiyo jozi dakika kumi wakati anahangaika na mtandao wa simu yake. Asipolipa, irudishe rafuni. Bei nayo ihakikiwe hapo hapo, maana yenyewe hailali wala haikeshi, inabadilika siku mwenye duka anapoamua.

Basi. Hakuna uchawi. Na kabla hamjaniambia ni mambo ya Wazungu, mtazameni dada anayeuza viatu Instagram. Muulize rangi zilizopo, anajibu papo hapo, zipo kichwani, hazitafuti. Muulize kama 44 ipo. Kabla hajakwambia "tuma hela" anageuka, anaangalia rafu. Hajasoma kozi yoyote ya databesi huyu, lakini anajua kipi ni cha kukumbuka na kipi ni cha kwenda kuangalia. Halafu sisi wenye vitambulisho vya chuo tunashangaa kwa nini watu wanamwamini yeye kuliko maduka yetu yenye vitufe vya kumetameta!

Nimeyasema haya kwenye kikundi chetu cha mradi wa mwaka wa mwisho, na hapo ndipo hasira zilipogeuka aibu. Nilifungua kazi yetu wenyewe nikiwa na uhakika kwamba sisi ni tofauti. Duka letu la kuuza chai ya milimani, pakiti za gramu 50, 100, 250 na 500, madaraja ya BP1, PF1, PD na D1. Michanganyiko 16 tu. Nikakuta nini? Idadi ya pakiti tumeifunga humo humo na uzito na daraja, fungu moja, saa nzima. Aliyeandika kipande hicho ni mimi. Mwezi wa kumi na moja, saa nane usiku, nikitaka nilale. Yaani wakati nasimama pale juu Mponde nalaani watu nisiowajua, kosa lile lile lilikuwa limelala kwenye kompyuta yangu begani.

Nikawaambia wenzangu tubomoe. Mshikaji wangu mmoja, ambaye nampenda na atasoma hapa, akasema: "Kaka, ni demo tu. Msimamizi hataangalia huko. Weka saa nzima, inakimbia, tupate A yetu tuondoke."

Naomba nimjibu mbele yenu, kwa upendo.

Mosi, demo ndiyo tabia. Anayezoea kudanganya kwenye demo hatashtuka akidanganya kazini, atajua tu kuwa inakimbia. Lile duka lililokula bando langu halikuandikwa na jini. Liliandikwa na mtu kama wewe na mimi aliyefaulu kozi kama hizi.

Pili, unasema siku hizi seva ni za kukodi, ukielemewa unaongeza kumbukumbu. Sawa, utaongeza kumbukumbu Dar au Ulaya. Utaongeza na vijiti vya mtandao Mponde? Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipopata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima, na hata nyinyi wa mjini mlionja kwa siku chache maisha ya bondeni kwetu. Programu inayoomba kila kitu upya kila mguso ni programu iliyoandikwa na mtu anayeamini waya haukatiki.

Tatu, unasema kache inaleta makosa magumu, bora tuiache kabisa. Hapa una haki nusu. Kuna kauli maarufu inayohusishwa na Phil Karlton wa Netscape, kwamba kujua lini kache imepitwa na wakati ni mojawapo ya mambo mawili magumu kwenye fani yetu. Lakini ugumu unatoka wapi? Sehemu kubwa unatoka kwenye kuchanganya kinachokaa na kisichokaa. Ukishatenganisha, swali la "lini limepitwa na wakati" kwa machaguo linajibiwa na namba ya toleo. Na kwa mzigo, kwenye kitufe cha kulipa, halipo kabisa, kwa sababu pale hukuhifadhi kitu.

Mwisho wa siku, neno IPO kwenye ukurasa ni ahadi. Si mapambo. Mtu anafungua pindo la khanga kwa sababu ya neno hilo. Mwandishi wa programu hayuko dukani, hamwoni mnunuzi usoni, ndiyo maana anaweza kumwahidi kitu alichokiona jana. Muuza duka pale Soni akisema ipo halafu ikawa haipo, anasutwa hapo hapo mbele za watu. Sisi nani anatusuta?

Basi leo nimejisuta mwenyewe. Tangu mchana nimekibomoa kile kipande, machaguo yana ufunguo wao na toleo lao, pakiti zinahesabiwa kwenye databesi pale mtu anapolipa. Kurasa hazijapungua kasi ya kuonekana kwa macho. Kilichoongezeka ni swali moja dogo la mzigo, na kwenye kulipa kuna kituo kifupi ambapo programu inageuka kuangalia rafu. Mshikaji akitaka A yake bila kituo hicho, aje tubishane kesho kibandani kwa mama, chai nalipa mimi.

Dogo alipata kiatu. Mtumba, Soni, 44 kamili, shilingi 12,000, kimepigwa rangi kinang'aa. Muuzaji alipoulizwa hakujibu kwanza. Aliinama, akachokonoa kwenye rundo, akakiinua juu ndipo akasema ipo.

Nawasilisha. Tupo pamoja.